Vipofu wa Ziwa Letu

Katika mwaka wa jubilei ni desturi kuhesabu. Twahesabu makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, na waalimu waliotutangulia, tangu Mapadri Weupe walipojenga Bukumbi, kusini ya Mwanza, mwaka 1883. Hesabu hizo ni njema, nasi twazisoma kwa furaha. Walakini wako watu waliokaa pamoja nasi siku zile zote, ambao ni shida kuwaona katika hesabu hizo: ndio vipofu. Na mara walipohesabiwa, aghalabu walihesabiwa na madaktari, na hesabu ikakoma siku macho yalipozimika, kana kwamba na maisha yao yalikoma siku ile.

Basi twapenda kueleza hapa kwa kifupi habari zao, ili wasomaji, na hasa waalimu, wapate kujua mambo mawili. La kwanza, upofu mwingi wa kando ya Ziwa una sababu ijulikanayo, wala si laana. La pili, baada ya macho kupotea, maisha yote yabaki, nayo yataka kuishiwa.

Malale na dawa ya Bugala

Mwanzo wa karne ya ishirini ugonjwa wa malale uliingia kando ya Ziwa. Katika Uganda peke yake uliua watu zaidi ya 200,000 kati ya mwaka 1900 na 1920. Mwaka 1903 Daktari David Bruce alionyesha kwamba mbung'o ndio wauenezao. Wadachi, waliotawala Mwanza na Bukoba siku zile, wakaingiwa na hofu, wakamtuma Daktari Robert Koch, yule aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, aje kutafuta dawa.

Koch alifika Mwanza katikati ya mwaka 1906. Hakuona wagonjwa wengi hapa, kwa hiyo akavuka Ziwa mpaka visiwa vya Sese, katika Uganda, akafanya kambi Bugala. Wagonjwa wakamjia kwa mamia. Akawachoma sindano ya dawa iitwayo atoxyl, iliyotengenezwa kwa sumu ya aseniki. Na jina lenyewe la dawa lilitaka kusema kwamba haina sumu.

Kwanza ilionekana kama ajabu. Mgonjwa alipewa nusu gramu, siku mbili mfululizo, na vijidudu vikatoweka katika damu yake. Lakini baada ya majuma kadhaa vilirudi. Ndipo kipimo kikaongezwa hata gramu nzima. Hapo wagonjwa wakashikwa na maumivu makali, wengine wakaiacha kambi, na watu 22 wakapofuka kabisa, wasione tena. Aseniki ilikuwa imeharibu mshipa upelekao habari za nuru kutoka jichoni mpaka katika ubongo. Koch akakiacha kipimo kile kikubwa, na mwishoni mwa mwaka 1907 akarudi Ulaya. Kambi nyingine zilifunguliwa upande wetu wa Ziwa: Kigarama katika Kisiba, nchi ya Bukoba, na Shirati upande wa mashariki. Huko nako atoxyl ikatumika.

Hatuandiki haya ili kumlaani daktari. Malale ilikuwa ikiwaua wale walioachwa bila dawa, wala dawa nyingine iliyo bora haikuwako bado. Lakini wasimuliao habari za Bugala hukumbuka jina la Koch. Hao 22 hutajwa kwa hesabu tu. Mtu aliyefika kambini akiiona njia kwa macho yake, sasa alihitaji kushikwa mkono. Ni nani aliyemshika? Alilima vipi? Nani alimwambia kwamba mvua inakuja, au kwamba mtoto wake amekua? Hapo ndipo ilipoanza habari yake, na hapo ndipo kitabu kilipofungwa.

Maisha baada ya macho

Kipofu wa kando ya Ziwa si mtu wa kukaa bure. Vidole vyake hujua fundo la wavu, humenya muhogo, husokota kamba. Njia ya majini huijua kwa nyayo: hapa changarawe, hapa majani, hapa mteremko. Mchana upepo hutoka ziwani, na usiku hutoka nchi kavu. Naye huusikia usoni, akajua upande. Mawe makubwa ya nchi yetu hutunza joto la jua, naye ayapitapo jioni huyatambua kabla hajayagusa. Watu huwajua kwa sauti na kwa mwendo.

Mara nyingi kinachomlemea si giza lenyewe, bali ni yale tumwekeayo sisi. Kigoda kimehamishwa bila yeye kuambiwa. Shimo limeachwa wazi njiani. Mgeni aingia nyumbani wala hasemi jina lake. Watu wamwuliza mwenziwe, "Je, huyu atakula?" hali yeye mwenyewe yupo na masikio yake ni mazima.

Liko na jambo zito zaidi. Kwa desturi kipofu hushika ncha moja ya fimbo, na mtoto hushika ncha ya pili na kumwongoza. Ni sura ya upendo, nasi tumeizoea. Lakini asubuhi, kengele ya shule ilipopigwa, mtoto yule alikuwa njiani na fimbo mkononi. Hivyo macho ya mtu mmoja yalipopotea, watu wawili walikosa: mmoja alikosa nuru, wa pili alikosa elimu.

Wala tusifiche aibu yetu. Katika nchi ya Usukuma wanawake wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, na mara nyingi ushahidi wenyewe ulikuwa macho yao mekundu. Macho hayo yalifanywa mekundu na moshi. Mwanamke aliyepika miaka arobaini juu ya kuni na samadi kavu, katika nyumba isiyo na dirisha, macho yake yatakuwaje? Aliwalisha wanawe kwa moto ule, kisha moshi wa moto ule ukageuzwa kuwa hukumu yake. Wanafunzi waliuliza zamani, juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, ni nani aliyetenda dhambi. Na jibu walilopewa twalijua sote.

Surua na macho ya watoto

Sababu nyingine ya upofu ilikuwa surua. Mtoto aliyekula ugali mkavu au michembe mitupu, bila mboga wala kitoweo, mwili wake ulikuwa hauna akiba ya vitamini A. Surua ilipomshika, akiba ndogo iliyobaki ilikwisha, na kioo cha jicho kikalainika na kuoza. Mara nyingi mama, kwa huruma, alikamulia jichoni maji ya majani, na kidonda kikazidi.

Jambo hili lilichunguzwa sana katika hospitali ya misheni ya Mvumi, nchi ya Ugogo. Katika uchunguzi wa watoto wa Tanzania wenye vidonda vya kioo cha jicho, uliotolewa mwaka 1987, zaidi ya theluthi yao walikuwa wameugua surua karibuni. Mwaka ule ule ilitolewa habari ya watoto 180 wenye surua waliolazwa Mvumi. Kati ya 88 waliopewa vitamini A walikufa 6, na kati ya 92 wasiopewa walikufa 12. Basi matone yale yaliyojulikana kuwa ulinzi wa macho yalionekana kulinda na uhai. Siku hizi kuna chanjo ya surua, na matone ya vitamini A hutolewa kwa watoto wadogo kila miezi sita. Na dawa nyingine iko shambani na ziwani: matembele, mchicha, majani ya kunde, papai, embe, na dagaa mzima.

Kwa wazee, adui mkubwa ni mtoto wa jicho, nao ni upofu unaoponywa kwa kupasuliwa. Hospitali ya Bugando, iliyojengwa na Kanisa juu ya kilima cha Mwanza na kufunguliwa mwaka 1971, ina matibabu ya macho. Hata hivyo wako wazee wanaokaa gizani miaka mingi, kwa kuwa jamaa husema, "Ni uzee tu."

Vidole visomavyo

Mwaka 1824 Louis Braille, kijana Mfaransa wa miaka 15 aliyepofuka utotoni, alitunga maandishi ya nukta sita yasomwayo kwa vidole. Nchini kwetu shule ya kwanza ya wasioona ilifunguliwa na Waanglikana huko Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Katika Mkoa wa Mwanza iko shule ya Mitindo, wilaya ya Misungwi, ambapo watoto wasioona husoma nukta nundu na hujifunza kujitegemea.

Shule hiyo ilipata na kazi nyingine isiyotazamiwa. Watu wenye ualbino walipoanza kuwindwa na kuuawa katika mikoa ya Ziwa, hasa tangu mwaka 2007, watoto wao waliletwa Mitindo wapate usalama. Wengi wa watoto hao si vipofu. Huona kidogo, na mwanga mkali huwaumiza. Mwalimu aliye na mtoto wa namna hii amkalishe mbele, mbali na jua la dirishani, ampe herufi kubwa, amwache avae kofia hata darasani. Mtoto awezaye kusoma kwa macho asihesabiwe kipofu, na asiyeona asihesabiwe mjinga.

Yatupasayo

Basi, wasomaji, twawaomba mambo machache yasiyo na gharama kubwa. Tumpelekapo mtoto kliniki, tusikose chanjo wala matone. Jicho likiuma, tusitie majani, twende hospitali. Mzee akisema haoni, tusimjibu kwamba ni uzee kabla hajatazamwa na daktari. Tumsalimupo asiyeona, tutaje jina letu, tukiondoka, tumwage. Fimbo tuishike sisi watu wazima kwa zamu, na mtoto aende shule.

Na katika daftari la kila parokia, paandikwe majina ya wasioona, na kazi wazijuazo, na shida zao. Wale 22 wa Bugala hatuwezi tena kuwaita kwa majina. Walio katika vijiji vyetu leo, twaweza.