Jiwe, Geti na Sabuni

Kabla sijagonga geti, huwa nainama kidogo nisikilize chini yake. Mbwa anayebweka hanitishi sana, maana amekwisha kunieleza yuko wapi na ana hasira kiasi gani. Ninayemhofia ni yule anayenyamaza, akipenyeza pua chini ya bati na kunusa viatu vyangu. Kwa miaka ishirini na moja nimesoma mita za maji Lavington na Kileleshwa, nikitoka kwangu Kawangware kwa miguu alfajiri, na mbwa wa huko nimewajua kuliko ninavyowajua wenye nyumba.

Somo la kwanza, lakini, nililitoa Kibera nilikozaliwa. Mbwa akikujia usikimbie. Inama, gusa ardhi kana kwamba unaokota jiwe. Kila mtoto wa Laini Saba, kijiji kimoja cha Kibera, alilijua hilo kabla ya kujua kusoma. Jiwe lenyewe halikuwa na haja. Mbwa akiona tu mgongo wako umepinda, hukunja mkia na kwenda zake. Nilikuwa mtu mzima nilipoanza kujiuliza mbwa hao walifundishwa na nani.

Kibera haikuanza kama mtaa wa mabati yaliyobanana. Jina linatokana na kibra, neno la Wanubi lenye maana ya msitu. Askari wa Kinubi waliotumikia jeshi la kikoloni la King's African Rifles, asili yao Sudan, walianza kukaa hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikatangaza ekari 4,197 kuwa eneo la jeshi. Wazee husimulia kuwa Laini Saba palikuwa uwanja wa shabaha wa askari hao. Nyumba zilikuwa za kuhesabika, kila moja na shamba lake, na ng'ombe walilala karibu na watu. Mbwa alikuwa na kazi usiku, kubweka kitu kikitoka msituni, na mahali pake palikuwa nje.

Nje, hasa Makina, kijiji cha Wanubi ndani ya Kibera, maana Wanubi ni Waislamu. Wahenga walionya kwamba ukicheza na mbwa ataingia nawe msikitini, na methali hiyo niliiona ikitendeka. Nilikuwa na miaka saba hivi. Mbwa mdogo alikuwa akinilamba viganja, nami nacheka. Ajuza wa Kinubi aliyekuwa jirani yetu, ambaye sote tulimwita Haboba, yaani nyanya, alitoka na jagi la maji. Hakunigombeza. Alichota udongo mkavu, akaupaka mikononi mwangu, akasugua, kisha akamimina maji huku akihesabu kwa sauti hadi saba. "Mbwa ni wa nje, mwanangu," aliniambia. "Mate yake pia yabaki nje." Sisi tulikuwa Wakristo, lakini mama alimshukuru. Mimi nilidhani ni mambo ya dini tu.

Baada ya uhuru watu walimiminika. Waliokuja kutafuta kazi walipanga vyumba kwa Wanubi, kisha vyumba vikajengwa mgongoni mwa vyumba vingine hadi ukingoni mwa reli ya kwenda Kisumu. Ng'ombe walitoweka na msitu ukarudi nyuma. Mbwa ndiye aliyebaki, akiwa amepoteza kazi, ua na mwenyewe. Tukamwita mbwa koko. Alikula jalalani na mlangoni pa bucha, akalala chini ya kibanda cha yeyote aliyemstahimili. Kusema hana mwenyewe si kweli kabisa. Mmoja niliyemjua Laini Saba alikuwa na wenyewe watano, kila mmoja akimwita kwa jina lake, na hakuna aliyewahi kumpeleka kuchanjwa. Akiiba nyama alipigwa jiwe. Akilala njiani alipigwa jiwe. Watoto wasio na mpira walimpiga jiwe wapate kucheka. Watoto wake walimwona akimkimbia mtu aliyeinama, nao wakakimbia. Hao ndio walimu wa mbwa wetu.

Kwenye mitaa ya Wazungu mbwa alikuwa na shule tofauti. Babu yangu alikuwa mpishi kwa Mzungu mmoja Kilimani katika miaka ya 1930. Enzi hizo mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea na kipande, kitambulisho cha kazi kilichotiwa ndani ya kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Babu alikuwa na mzaha wake. Alisema nyumba ile ilikuwa na wawili waliovaa bati shingoni, yeye na mbwa, ila bati la mbwa halikuulizwa na polisi njiani. Mbwa huyo, alivyosimulia babu, alimjua mtu kwa namna alivyofika. Aliyekuja kwa gari alitikisiwa mkia. Aliyekuja kwa miguu alibwekewa, hata angekuwa amevaa suti ya Jumapili.

Magari yamebadilika na wenye magari wamebadilika rangi, lakini mbwa wa geti hajabadilika. Lavington ilikuwa sehemu ya mashamba ya kahawa ya mapadri Wafaransa wa misheni ya St. Austin's, waliofika mwaka 1899. Leo ni majumba na ukuta. Kawangware iko hatua chache tu magharibi, na jina lake bado limebeba ngware, ndivyo Wakikuyu wanavyomwita kwale, ndege wa vichakani. Kila asubuhi maelfu ya watu huvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine: mafundi, yaya, akina mama wa kufua, watunza bustani, masoja wanaobadilishana zamu. Wote huja kwa miguu. Na kwenye kila geti la tatu kuna kibao chenye kichwa cheusi cha mbwa na maneno "Mbwa Kali". Nyumba nyingine zina kibao bila mbwa. Moja niliijua ilikuwa na mbwa watatu bila kibao.

Wiki yangu ya kwanza kazini, jibwa la aina ya German Shepherd lilitoka nyuma ya nyumba nikiwa nimechuchumaa kwenye mita. Nikafanya nilivyofundishwa na Laini Saba: nikainama zaidi, nikashika ardhi. Mbwa yule hakuwahi kupigwa jiwe maishani mwake. Alichokiona ni uso wangu umeshuka hadi usawa wa meno yake. Aliukamata mkono wa koti na kuuchana hadi kwenye kiwiko kabla soja hajamwita. Ngozi ilipona, bahati yangu.

Soja huyo, mzee aliyekuwa amelinda mageti tangu ujana, ndiye aliyenifundisha upya. Simama wima, umpe ubavu, usimkabili kifua kwa kifua. Usimkodolee macho, kwa mbwa hayo ni matusi. Mikono ishushe, sauti ishushe. Weka kitu kati yako na yeye, kitabu cha mita, mwavuli, mkoba, akitaka kuuma aume hicho. Rudi nyuma polepole na usimpe mgongo mpaka geti likutenge naye. Ukianguka, jikunje kama jongoo, ngumi zikinge shingo na masikio, unyamaze. Kukimbia ni kumwalika. Rungu analo yeye soja, aliniambia, na kwa miaka yote hajalitumia kwa mbwa, kwa sababu mbwa anayerushiwa rungu likakosa hurudi na hasira mara mbili.

Kwa hiyo nikawa na elimu mbili, jiwe kwa mbwa wa mtaani, ubavu kwa mbwa wa geti, nikajiona nimehitimu. Kumbe zote mbili zilihusu meno. Haboba alikuwa amenionya kuhusu mate.

Kichaa cha mbwa, kinachoenezwa kwa mate, kilithibitishwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1912, kwa mbwa aliyekuwa pembezoni mwa Nairobi hii hii. Mwaka 1928 kikathibitishwa kwa binadamu, mwanamke wa kanda ya Ziwa Victoria. Serikali ya kikoloni ilijilinda kwa amri ya kuwafunga mbwa na kuwaua waliorandaranda. Lakini silaha iliyofaulu ilikuwa sindano. Katika miaka ya 1950 na 1960 mbwa wengi walichanjwa, na kufikia miaka ya 1970 ugonjwa ulikaribia kutoweka nchini. Kisha miaka ya 1980 huduma za mifugo zikalegea, chanjo zikakatika, nao ukarudi. Mimi nilikulia katika miaka hiyo ya kulegea, nikirusha mawe. Mwaka 2014 serikali ilizindua mpango wa kuutokomeza ifikapo 2030, kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa kila mwaka. Makadirio ya wakati huo yalikuwa kwamba Wakenya wapatao 2,000 hufa kwa ugonjwa huu kwa mwaka. Dalili zikishaonekana, karibu hakuna anayepona.

Aliyeniuma hatimaye hakuwa wa geti. Ilikuwa jioni, Gatina, upande wetu wa Kawangware, hatua hamsini kutoka mlangoni kwangu. Mbwa koko jike alikuwa amezaa chini ya kibanda cha muuza makaa, nami sikujua. Alipotoka nikainama. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu, mbwa wa mtaani hakukimbia. Nyuma yake kulikuwa na watoto wanne. Alizamisha meno kwenye misuli ya mguu wangu, akaachia, akarudi kwao.

Watu wakajaa. Mmoja alileta mafuta ya taa, mwingine akashauri pilipili. Vijana wakaanza kuokota mawe, sasa ya kweli. Jirani yangu mmoja, muuguzi mstaafu, akawapasua katikati kama mtu anayeingia matatu. "Wewe, keti hapo. Nyinyi, wekeni hayo mawe chini. Mkimuua, tutajuaje kama ni mgonjwa?" Akaomba sabuni ya mche na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano. Maji yanayotiririka, Gatina! Mchana kutwa nilikuwa nimeandika tarakimu za nyumba zinazomwagilia nyasi, na mfereji wa ploti yetu ulikuwa mkavu kwa siku ya tatu. Tulinunua mitungi miwili ya lita 20. Mtoto mmoja akawa anamimina taratibu, jirani akisugua, akitazama saa. Povu lilikuwa jekundu, kisha la waridi, kisha jeupe. Nilikuwa nimekaa juu ya kreti ya soda, mtu mzima, nikioshwa kama siku ile Makina.

Hospitali ya kwanza niliyokwenda haikuwa na chanjo. Ya pili ilinituma nikainunue dukani nije nayo. Nikapata sindano ya kwanza usiku huo, ya pili siku ya tatu, ya tatu siku ya saba, na nyingine zikapangwa siku ya 14 na ya 28.

Mbwa naye alihitaji kutazamwa siku kumi. Mbwa aliyeuma akibaki mzima muda huo, basi siku aliyouma mate yake hayakuwa na ugonjwa. Ikawa kazi yangu kuhakikisha hauawi na hatoroki. Kila jioni nikitoka Lavington nilipitia buchani nikanunua matumbo ya shilingi chache, nikayapeleka kibandani kwenye sufuria kuukuu. Muuza makaa alinicheka: mlaji amepewa mpishi.

Niliinama kuweka sufuria chini, naye akaruka nyuma hadi ukutani, masikio yamelala. Nikarudi hatua tano, nikasimama wima, ndipo akaja kula. Ikawa hivyo siku ya pili, na ya tano. Siku ya kumi alikuwa hai, mnene kidogo, watoto wamefungua macho. Nikainama kuweka sufuria. Akaruka nyuma.