Mfupa Ulibaki, Ngoma Ikaoza

Mwaka 2008, wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Tübingen wakiongozwa na Nicholas Conard walifukua vipande 12 vya mfupa katika pango la Hohle Fels, kusini mwa Ujerumani. Vilipounganishwa, ikaonekana filimbi iliyotengenezwa kwa mfupa wa bawa la tumbusi, yenye urefu wa sentimita 22 hivi na matundu 5 ya vidole. Umri wake ni zaidi ya miaka 35,000.

Pango jirani la Geissenklösterle lilitoa filimbi ya kazi nzito zaidi. Mfupa wa ndege una uwazi wake tayari. Filimbi hii ni ya pembe ya mamothi, mnyama wa jamii ya tembo aliyekwisha kutoweka, ambayo haina uwazi. Fundi aliipasua kwa urefu, akaikomba kila nusu, kisha akazigandisha upya hata hewa isipenye ubavuni. Haya yalifanywa kwa zana za mawe, zama za barafu, na watu walioishi kwa kuwinda. Waliokubali kutumia nguvu zao hivyo waliuhitaji muziki.

Huko Jiahu, katika jimbo la Henan nchini China, makaburi yametoa filimbi za mifupa ya korongo zenye umri wa kati ya miaka 7,700 na 9,000. Mojawapo bado ni nzima na imepulizwa upya katika zama zetu. Karibu na tundu lake la saba kuna kitundu kidogo sana, ambacho yaonekana fundi alikitoboa ili kurekebisha sauti. Sikio lake lilikwisha kujua ipi ni sauti sahihi.

Hata hivyo, mtu asihitimishe kwamba filimbi iliitangulia ngoma, au kwamba muziki ulizaliwa Ulaya. Tunachokiona ni kile kilichokataa kuoza. Mti, ngozi, kibuyu na mwanzi huliwa na mchwa na unyevu. Miaka ya 1920, mwanaakiolojia Leonard Woolley alipochimba makaburi ya Ur, nchini Iraki, mbao za vinubi vya miaka 4,500 hivi zilikuwa zimekwisha, zikaacha mashimo matupu udongoni. Alimimina plasta humo, na umbo la kinubi likarudi.

Vinubi vya Ur ni vya ukoo mmoja na ala zetu za nyuzi, nyatiti ya Waluo yenye nyuzi 8 na endongo ya Waganda. Lakini kwetu Afrika kilichodumu ni chuma na pembe: kengele za chuma zilizofukuliwa katika magofu ya Great Zimbabwe, na siwa, yaani baragumu kubwa, ya kisiwa cha Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu, ndefu kupita mita 2. Ngoma za mababu zimerudi kuwa udongo.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya historia ya ala zetu imo mikononi mwa mafundi walio hai. Wao ndio wanaojua mti upi haupasuki, ngozi ilowekwe kwa muda gani kabla ya kuwambwa, na uzi ukazwe kiasi gani. Makumbusho yakinunua ngoma na kumwacha aliyeiwamba, yamenunua nusu tu. Maelezo ya fundi yarekodiwe hatua kwa hatua, kwa lugha yake mwenyewe, naye alipwe ili afundishe vijana. Kazi hiyo ianze sasa, maana wengi wa mafundi hao ni wazee.