Nzige Wekundu na Kalamu ya Mwenye Kuwaona

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 10, tunasoma habari ya nzige wa Misri. Mwandishi hakusema tu kwamba nzige walikuja. Alitaja upepo wa mashariki uliowaleta, majani waliyokula, na upepo wa magharibi uliowachukua. Katika karne ya 20 watu wa Afrika waliulizwa mambo yale yale: siku gani, mahali gani, wametoka upande gani, wamekwenda wapi?

Karibu na mwaka 1930 nzige wekundu walianza kushambulia inchi za katikati na za kusini ya Afrika. Balaa hilo liliendelea mpaka 1944. Mkulima wa mahindi au wa mtama aliweza kupoteza shamba lote kwa siku moja, na nyuma ya nzige ilikuja njaa. Kuwaua katika mashamba hakukumaliza shida, maana makundi mengine yalifuata. Yalitoka wapi?

Huko London alikaa mtaalamu wa vidudu, Boris Uvarov, mzaliwa wa Urusi. Mwaka 1921 alionyesha kwamba nzige ana hali mbili. Wakiwa wachache, kila mmoja hukaa peke yake kama panzi tu. Wakisongamana, hubadilika rangi na tabia, wakawa jeshi. Basi lazima kuwe na mahali jeshi linapozaliwa. Tangu 1929 ofisi yake ilikusanya habari za nzige zilizoandikwa katika inchi nyingi, na kuzitia katika ramani, mwezi kwa mwezi.

Habari moja peke yake ilikuwa kitu kidogo: kundi limepita juu ya kijiji fulani, limeelekea kusini. Lakini zilipowekwa pamoja, ziliwasaidia wataalamu kujua wapi pa kutafuta. Katika miaka ya 1930 walipata makao mawili ya nzige wekundu, yote karibu na ziwa letu la Tanganyika. La kwanza ni Mweru wa Ntipa, karibu kilomita 300 kusini ya Kalemie, katika Zambia ya leo. La pili ni bonde la Rukwa, ng'ambo ya ziwa, katika Tanzania. Ni mabonde ya majani mengi, ambayo maji yake hupanda na kushuka.

Mwaka 1949 serikali, ya Ubelgiji ikiwa mojawapo, zilipatana kuunda kazi moja ya kulinda mabonde hayo. Makao yake yalikuwa Abercorn, yaani Mbala ya leo, na mkubwa wake wa kwanza alikuwa Mbelgiji, H. J. Brédo. Shauri lilikuwa hili: kuwaua nzige kwao, mbele hawajaruka. Balaa la nzige wekundu kama lile la 1930 halijarudi tena. Lakini ulinzi hauna mwisho: mwaka 2009 ilibidi kupiga dawa tena Rukwa na katika bonde la Malagarasi, mto unaoingia katika ziwa letu.

Mwezi wa Februari 2020 nzige wa aina nyingine, wale wa jangwani, walifika pwani ya ziwa Albert, upande wa Kongo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likasema: nzige hawakuingia Kongo tangu 1944. Lilijuaje? Kwa sababu mtu wa zamani aliona, akaandika.

Katika vijiji vingi katekista ndiye mwenye kaye na kalamu. Anaandika ubatizo na ndoa, pamoja na siku na majina. Ukurasa mmoja wa kaye hiyo watosha kwa vidudu: nzige, mbung'o, au yule mwenye mgongo kama ngao anayetoboa matunda ya kahawa. Aandike tarehe, mahali, mmea ulioliwa, wingi wao na upande walikoelekea. Asipojua jina la kitaalamu, aandike lile la wazee wa kijiji. Kisha ampelekee habari mtu wa kilimo, wala asingoje mashamba yaliwe kwanza.