Rangi ya Dhahabu na Chuma Kilicho Chini Yake

Ingieni duka lolote la vifaa vya ujenzi, mtazikuta biti za drili zenye rangi ya dhahabu. Fundi huzilipia zaidi akiamini kwamba rangi ile ndiyo ugumu. Leo nataka tuulize ilitoka wapi, maana jibu lake linagusa mfuko wa fundi.

Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, ilionyeshwa feleji mpya ya Wamarekani wawili, Frederick Taylor na Maunsel White. Ncha yake iliwiva ikawa nyekundu kwa joto na bado ikaendelea kukereza chuma. Feleji za zamani zingelegea. Katika maonyesho hayo hayo, Johan August Brinell wa Sweden alieleza jinsi ya kupima ugumu: kandamiza gololi juu ya chuma, kisha pima shimo. Miaka ya 1920, kampuni ya Vickers ya Uingereza ikaweka ncha ya almasi mahali pa gololi.

Kwa kipimo cha Vickers, feleji nzuri ya biti hupata kati ya 800 na 900. Kauri ya titani na nitrojeni hupita 2,000. Kwa nini basi feleji isivishwe kauri tangu zamani?

Kikwazo kilikuwa moto. Mwaka 1969 kampuni ya Sandvik ya Sweden ilianza kuuza ncha za kabidi zenye utando wa kauri, uliopikwa kwenye joto la nyuzi kama 1,000 za Sentigredi. Kabidi ilistahimili, feleji iliyokwisha kukazwa ingepoteza ugumu wake wote. Ilibidi kungoja hadi karibu mwaka 1980, viwanda vilipoanza kuigeuza titani kuwa mvuke ndani ya chumba kilichoondolewa hewa, kwa joto lisilozidi nyuzi 500. Hapo ndipo biti za dhahabu zilipozaliwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Utando huo una unene wa mikroni 2 hadi 4 tu. Unywele wa binadamu ni mnene zaidi ya mara kumi. Ukikaa juu ya chuma laini huwa kama ganda la yai: chuma kikibonyea, ganda hupasuka. Tena fundi akiinoa biti yake, utando huondoka pale aliponoa, na mzigo hubaki kwa feleji.

Naam, rangi ya manjano haihitaji titani wala chumba cha mvuke. Yeyote anaweza kuipaka juu ya chuma hafifu. Kwa hiyo, kabla ya kununua boksi zima, nunua biti moja na upitishe tupa karibu na ncha yake. Tupa ikiteleza, feleji ipo. Ikila chuma, umeuziwa rangi.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tuonane juma lijalo.