Foto za vitu vidogo: kamera, lenzi na mwanga kwa mwenye kuanza

Ndagala anapotoka majini anang'aa, lakini saa chache baadaye rangi yake imekwisha. Mwenye kutaka foto yake anatakiwa kuwa tayari mapema. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, na karibu zote hazipatikani pengine duniani. Foto safi inasaidia kumtambua samaki, kwa mwanafunzi na hata kwa watafiti kama wale wa kituo cha CRH hapa Uvira. Fundi cherehani anayetaka kuonyesha ushonaji wake, au mwenye kuuza shanga, naye anahitaji foto ya namna hiyo hiyo.

Kosa la wengi ni kumaliza feza yote kwenye kamera, kisha hakubaki kitu kwa lenzi na mwanga. Kwa foto za karibu, hivyo viwili ndivyo vinavyofanya kazi kubwa.

Kamera

Kamera ya kubadilisha lenzi ya daraja la kwanza inatosha, hata kama ni okazyo. Canon EOS 2000D na Nikon D3500, zote za mwaka 2018, zina megapikseli 24. Kabla ya kulipa, mnunuzi awashe kamera, apige foto ya ukuta mweupe na kutafuta madoa. Kisha amulike ndani ya lenzi kwa torshi: nyuzi nyeupe kama za buibui ni kuvu, na lenzi hiyo iachwe. Aulize pia batri na chaja yake.

Lenzi

Lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera isidharauliwe. Ile ya Canon inaona vizuri mpaka sentimita 25, na hapo foto inabeba upana wa karibu sentimita 6 na nusu. Ndagala mmoja anaijaza.

Mwenye kutaka jicho au magamba tu anaweza kuongeza pete za kurefusha, zinazokaa kati ya kamera na lenzi. Pete ya milimita 25 kwenye lenzi ya 50 inaleta upana wa karibu sentimita 3 na nusu. Zichaguliwe zile zenye vidoti vya chuma ndani. Bila hivyo kamera haiwezi kuongoza tundu la lenzi. Lenzi ya makro yenyewe, inayofika 1:1, inabeba upana wa sentimita 2 na kitu. Ni nzuri, lakini inaweza kungoja.

Mwanga

Sehemu hii inamfaa hata mwenye simu tu. Uvira jua linachomoza upande wa ziwa, na mchana ukiendelea linajificha mapema nyuma ya milima ya Mitumba. Asubuhi, mlango au dirisha linaloangalia ziwa linatoa mwanga mwingi bila umeme. Jua kali la moja kwa moja linafanya magamba yawe na madoa meupe. Kitambaa cheupe chepesi kikitandazwa dirishani kinalituliza. Upande wa pili karatasi nyeupe inarudisha mwanga kwenye kivuli.

Flashi ya kwenye kamera haifai hapa, kwa kuwa lenzi inatupa kivuli chake juu ya kitu. Usiku, taa mbili za LED za aina moja, moja kila upande, zinatosha.

Kwa karibu hivyo, sehemu inayoonekana wazi ni nyembamba sana. Tundu liwekwe f/8 au f/11, ISO 100 au 200, kamera ikae juu ya trepie, na foto ijipige yenyewe baada ya sekunde 2 ili mkono usiitikise. Samaki alazwe kichwa upande wa kushoto, na rula karibu yake, kama watafiti wanavyofanya.

Kutunza

Unyevu wa ziwa unaleta kuvu. Kamera ikae ndani ya boksi la plastiki linalofungwa vizuri, pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Na kabla ya kuitoa mbele ya bandari ya Kalundu au mpaka wa Kavimvira, ruhusa iombwe kwanza: kamera inaweza kushikwa.

Feza ikiwa kidogo, mpango ni huu: kamera okazyo na lenzi yake, kitambaa cheupe, trepie, kisha pete. Lenzi ya makro inunuliwe wakati kazi yenyewe imeanza kuilipia.