Shahada na Habari za Nyumbani: Wanafunzi wa Masisi na Walikale katika Historia ya Vyuo Vikuu vya Kongo

Utangulizi

Historia ya elimu ya juu nchini Kongo aghalabu huelezwa kutoka mijini: Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Makala hii inaitazama kutoka Masisi na Walikale, wilaya mbili za Kivu ya Kaskazini ambazo kwa muda mrefu zilipeleka vijana wao kusoma mbali. Hoja yake ni kwamba, kwa wengi wao, kuhitimu hakukuwa kupokea cheti tu. Kulikuwa pia kuandika habari za nyumbani, na maandishi hayo ni hazina inayostahili kutunzwa.

Umbali wa chuo

Chuo Kikuu cha Lovanium kilianzishwa karibu na Léopoldville mwaka 1954, na kile cha serikali kikafunguliwa Elisabethville mwaka 1956. Nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa na shahada hawakufika 30. Mwaka 1963 chuo cha tatu kilifunguliwa Stanleyville, yaani Kisangani. Vyote vitatu viliunganishwa mwaka 1971 kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kisha vikatenganishwa tena mwaka 1981.

Kwa kijana wa Walikale, Kisangani ilikuwa ng'ambo ya msitu, kwa barabara itokayo Bukavu ikipita Walikale na Lubutu. Kwa yule wa Masisi, safari ilianza kwa kuteremka milima hadi Sake na Goma. Nyuma ya kila mmoja ulikuwapo ukoo uliouza ng'ombe, maharage au mafuta ya mawese ili kupata nauli na karo. Kwa hiyo shahada ilikuwa deni la wengi kabla haijawa sifa ya mmoja.

Mwaka 1993

Mwezi Machi 1993 mauaji yalizuka katika soko la Ntoto, wilayani Walikale, yakaenea Masisi na kuwafukuza watu wengi makwao. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Kisangani kilifungua tawi mjini Goma, ambalo lilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2004. Chuo kilisogea karibu na nyumbani wakati nyumbani kwenyewe kunabomoka. Vijana wa jamii zilizokuwa zikipigana vijijini walikutana katika ukumbi mmoja wa mihadhara. Baadaye wakaja wakimbizi kutoka Rwanda Julai 1994, vita vya 1996 na 1998, na mlipuko wa Nyiragongo wa Januari 2002. Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na mapigano yakafika hadi Walikale. Katika hali kama hizo, kumaliza masomo kwa wakati uliopangwa kulikuwa jambo la bahati kama lilivyokuwa la bidii.

Tasnifu kama kumbukumbu

Katika mfumo uliodumu hadi mageuzi ya miaka ya 2020, mwanafunzi alisoma miaka mitatu ya kwanza, kisha miwili ya lisansi, na kila hatua ilimalizika kwa kazi ya maandishi. Wanafunzi wa historia waliandika juu ya watemi, ardhi, masoko, na uhamiaji ulioendeshwa na wakoloni kutoka Rwanda kuingia Masisi kati ya 1937 na 1955. Hayo ndiyo mambo yaliyogombaniwa kwa silaha. Kwa sababu hiyo tasnifu hizo hazina budi kusomwa kwa kupimana: mwandishi alikuwa mtafiti, na papo hapo alikuwa mwana wa upande mmoja.

Mfano wa mapema wa kazi yenye manufaa ya aina hii ni utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Walikale. Daniel Biebuyck aliurekodi kutoka kwa msimulizi Candi Rureke mwaka 1956, na kitabu kilichotolewa mwaka 1969 kilibeba pia jina la Kahombo Mateene, msomi mwenye asili ya Kinyanga. Simulizi ya kijijini ilipata kauli yake chuoni kwa kuwa mwenyeji alishiriki kuifasiri.

Hata hivyo lugha ilibaki kikwazo. Mzee alisimulia kwa Kinyanga, Kihunde au Kinyarwanda. Wanafunzi walijadiliana kwa Kiswahili. Tasnifu ikaandikwa na kutetewa kwa Kifaransa. Aliyetoa habari hakuweza kuisoma habari yake mwenyewe, wala kuisahihisha.

Hitimisho

Vyuo vya Goma, Bukavu na Kisangani vinaweza kulipa sehemu ya deni hilo kwa gharama ndogo: kila tasnifu inayohusu wilaya hizi iwe na muhtasari wa Kiswahili, na nakala yake ihifadhiwe katika mji zaidi ya mmoja, kwani vita na moto wa mlima havichagui maktaba. Ndipo mhitimu atakaporudisha nyumbani kile alichokichukua huko, na majirani waliotengana wataweza kusoma, kwa lugha wanayoelewana wote, kila mmoja aliyoyaandika mwenzake.