Kitambaa kinachobeba dua: kutoka Japani hadi mgongo wa mama

Wenzangu wa Kigali, leo historia inaanzia mbali, Japani, lakini msiwe na wasiwasi, itafika nyumbani.

Wajapani wana kitambaa cha pamba kinachoitwa tenugui. Ni chembamba, urefu sentimita 90 hivi, upana 35. Kazi yake ni kupangusa mikono, kufuta jasho, kufunga kichwa. Kilienea sana enzi ya Edo (1603–1868), pamba ilipowafikia watu wa kawaida. Ncha zake mbili hazishonwi. Si uvivu: hivyo kinakauka haraka, na mtu akiumia anakipasua kwa mkono anafunga kidonda.

Ila utamu uko kwenye michoro. Korongo, ndugu wa umusambi tunaouona hapa Rwanda, pamoja na kobe, ni dua ya maisha marefu. Jani la katani ni la watoto, maana katani inakua haraka na wima. Vibuyu sita ni dua ya afya, kwa sababu kwa Kijapani “vibuyu sita” na “bila ugonjwa” vinasikika karibu sawa. Halafu kuna mundu (kama), duara (wa) na herufi nu. Soma pamoja: kamawanu, yaani “sijali”! Mwigizaji maarufu, Ichikawa Danjuro wa 7, aliuvaa mchoro huo jukwaani karne ya 19, ukawa fasheni mjini.

Sasa niambieni, huyo hana tofauti na jirani anayevaa kanga ya kumjibu mtu bila kufungua mdomo, si kweli?

Kanga yetu ilizaliwa pwani, Zanzibar na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19. Ina pindo, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno. Mwanzoni maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kilatini. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, alijulikana kwa alama yake ya “Mali ya Abdulla”, na anatajwa kati ya watu walioeneza kanga zenye maneno.

Na hapa ndipo njia mbili zinakutana. Kabla na baada ya Vita Vikuu vya Pili, viwanda vya Japani vilichapa kanga nyingi kwa ajili ya Afrika Mashariki. Wafanyabiashara wa huku waliagiza michoro na methali, mafundi wa kule wakazichapa kwa Kiswahili. Watu waliozoea kuweka dua kwenye kitambaa chao walichapa na za bibi zetu.

Kwa nini tujali? Wengi wetu tulifika hapa bila albamu ya picha, bila cheti cha shule. Ila kanga, kikwembe au igitenge kilichotubeba mgongoni, mara nyingi hicho kilifika. Hicho nacho ni hati. Kina jina, kina mwaka kilinunuliwa, kina soko kilikotoka, kina mtu aliyekitoa zawadi ya harusi au ya uzazi. Tatizo ni moja: kila kikifuliwa, maneno yanafifia, na anayeyakumbuka anazeeka.

Kwa ndugu zetu wa mashirika, ombi dogo. Mkigawa kanga, someni jina kwanza. Kuna kanga ya kubariki na kuna kanga ya kugombana, na mama akipewa ya pili ataishangaa hiyo salamu. Pia, mtu akisema alikuja “na nguo tu”, msiandike kwamba hakuja na kitu.

Na sisi vijana, kazi ya jioni hii: muulize mama au bibi kile kitambaa cha zamani kinaitwaje, alikipata wapi, nani alimpa. Andika jibu lake kama alivyolisema, kwa lugha yake. Piga picha kabla maneno hayajaisha.